Redio ya taa ya babu: utumbo usitolewe, ila kapasita zibadilishwe

Mkuu, umeuliza kama umruhusu fundi atoe utumbo wote wa redio ya Philips ya marehemu babu yako, ya taa (zile chupa za kioo zinazokuza mawimbi na sauti), aweke bodi ya Bluetooth, au uiache vilevile kwa kuwa ni kumbukumbu. Mimi nimeshafanya makosa yote mawili.

La kwanza ni fupi. Kuna Grundig niliitoa kila kitu ndani nikapachika bodi ya USB. Ilipiga miaka miwili, bodi ikafa, na matundu niliyotoboa mbele hayakuoana na bodi nyingine yoyote. Sasa mke wangu anawekea nyuzi za cherehani.

La pili ndilo linaniuma hadi leo. Redio ya baba, Philips pia, ilikaa juu ya kabati nyumbani Tanga na sisi watoto tulikatazwa hata kuisogelea. Nilipoirithi niliapa sitabadilisha hata waya mmoja. Nikaifuta vumbi, nikachomeka. Jicho la kijani (kitaa cha mbele kinachoonyesha stesheni imeshika) likafumbuka, baada ya kama nusu dakika ile sauti nzito ikaja, nikamwita mama aje asikie. Hatujamaliza chai, nikasikia harufu ya nta na vanishi inayoungua.

Kapasita moja ya karatasi ilikuwa inavujisha. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa DC (usiobadili mwelekeo) usifike kwenye gridi, yaani mlango wa kuingizia sauti, ya taa ya mwisho inayosukuma spika, EL84. Ikivuja, taa inavuta mkondo kupita kiasi, na transfoma ya spika ndiyo inayolipa. Kwa hiyo kidude cha bei ya soda kiliniulia transfoma niliyoitafuta miezi saba, na niliyoipata wala si ya Philips. Huo ndio uasilia niliokuwa naulinda!

Kwa hiyo kabla hujaichomeka, kapasita zote za karatasi na zile kubwa za kuchuja umeme (elektrolitiki) zibadilishwe. Wengine hufukua ganda la zamani na kuficha mpya ndani. Mimi nilifanya hivyo kwa ile kopo kubwa inayoonekana. Zile ndogo za chini ya chasisi (fremu ya chuma inayobeba vifaa) sikujisumbua, hakuna mgeni anayepindua redio. Za zamani nilizitia kwenye bahasha, ipo ndani ya kasha. Swichi ya volti ya nyuma iweke 245, maana umeme wetu wa leo mara nyingi unazidi ile 220 iliyoandikwa. Mara ya kwanza iwashe kupitia balbu ya waya ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo, yaani umeme wa redio upite ndani ya balbu. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isipofifia, zima.

Kasha usilipige msasa. La baba lina alama ya sinia, mimi siigusi.

Sasa kuhusu kuisikiliza. FM za zamani nyingi ziliishia 100 au 104, hivyo stesheni za juu ya hapo huzipati. Fundi anaweza kuisogeza, ila kioo cha masafa kitakuwa kinasema uongo, nilikataa. Masafa ya kati (AM) nayo yamejaa kelele za chaja na taa za LED. Ndiyo maana siipingi Bluetooth yenyewe. Angalia nyuma, kuna matundu ya gramafoni. Kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachomekwa hapo, na rezista mbili za kilo-ohm 1 za kuchanganya kushoto na kulia. Hutoboi kitu, na sauti bado inapita kwenye EL84 na spika ileile. Mama anasikiliza taarabu Jumapili na hajui kama inatoka kwenye simu yangu.

Tahadhari moja: taa zako zikianza na herufi U (UCH81, UL84), mara nyingi chasisi imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Hiyo usichomeke chochote nyuma na usiiguse ndani. Tupia picha ya taa kwanza tuzione, kabla hujamrudia fundi.