Barua kwa mwanangu: je, serikalini utazika uwakili?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza: baada ya shahada ya sheria na mafunzo ya pale Shule ya Sheria, ukiomba nafasi ya Afisa Sheria Daraja la II halmashauri, utakuwa umezika uwakili? Wenzako wanahangaikia kampuni za mawakili hapo Dar, nawe unaogopa kuachwa nyuma.

Hapana, mama. Nakujibu kwa kazi niliyoifanya mwenyewe hadi nikastaafu.

Siku moja jalada liliwekwa mezani kwangu. Mwekezaji ameomba ardhi ya kijiji, muhtasari wa kikao umeambatishwa, mhuri upo, sahihi zipo. Nikaangalia orodha ya mahudhurio: waliokaa ni wajumbe wa halmashauri ya kijiji peke yao. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawakataza kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Nikamwandikia mkurugenzi dokezo la nusu ukurasa, nikataja kifungu, nikashauri mkutano mkuu uitishwe kwanza. Hakufurahi, alikuwa na haraka. Lakini dokezo lilishaingia jaladani, na bosi mwenye akili hasaini kinyume cha ushauri ulioandikwa. Mkutano ukaitishwa. Wananchi wakatoa eneo la mlimani, wakakataa kutoa bonde wanalolima mpunga. Kesi haikuzaliwa. Ungekuwa wakili wa kujitegemea, watu wale wangekufikia bonde limeshauzwa, na hela ya kukulipa hawana.

Hiyo ndiyo sheria ninayoiheshimu kuliko zote: ile inayofanya kazi kabla watu hawajaumia. Hata sheria ndogo za ushuru, ambazo wanafunzi wengi huziona za kuchosha, zinagusa mfuko wa mkulima. Mwaka 2017 ushuru wa mazao uliposhushwa kutoka 5% hadi 3% kwa mazao ya biashara na 2% kwa ya chakula, kuna wanasheria wa halmashauri waliokaa chini kuziandika upya.

Na serikali si halmashauri tu. Tangu mabadiliko ya 2018, anayependa kusimama mahakamani ana Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali kwa madai na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka kwa jinai. Ushauri wa mikataba uko kwa Mwanasheria Mkuu.

Ugumu upo, sikufichi. Unaweza kupangiwa wilaya usiyoijua, na mteja humchagui. Mshahara wa kuanzia utakatwa 5% ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na kama ulikopa chuoni, 15% ya Bodi ya Mikopo. Lakini gumu kuliko yote ni siku bosi atakapotaka ushauri wa kumfurahisha. Siku hiyo andika, usibishane kwa mdomo. Taja kifungu, weka tarehe, saini, peleka masjala. Kama moyo wako hauwezi kumwambia mkubwa "sheria hairuhusu" kwa adabu na kwa maandishi, mama, baki huko kwenye kampuni, nami sitakulaumu.

Ukiamua kuomba, ni kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Kuna mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Ukifaulu ukakosa nafasi, jina linaweza kuwekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Soma Sheria ya Utumishi wa Umma, maana wengi hujiandaa kwa sheria ya mikataba na jinai wakaisahau hiyo. Na uwe na vyeti vyenyewe, hati za matokeo hazipokelewi.

Jambo moja la haraka: jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa tofauti na la cheti cha kidato cha nne, herufi moja tu. Lishughulikie wiki hii, usingoje tangazo litoke.

Mama yako