Jibu: Nyasi zimekauka Marafa, je, nilime nipande upya?

Ndugu yangu uliyeuliza kuhusu malisho yako ya Marafa, kwamba kaskazi hii nyasi zimekuwa kijivu tupu na unataka kuzilima zote kabla ya masika: weka jembe chini kwanza. Mimi nafuga ng'ombe na mbuzi upande wa Langobaya, na kwangu hukauka hivyo hivyo.

Shika fungu moja, lipanue kwa vidole mpaka pale linapoingia udongoni. Makapi ya nje yatavunjika, yatoe. Ukikuta ndani vitako vyeupe, vigumu, na ukivibonyeza kwa ukucha vina unyevu kidogo, nyasi hiyo i hai. Ukishuku, limwagie maji uliyooshea mboga kila jioni, utaona mwenyewe. Nyasi zetu za kudumu huacha majani yafe kwa kuwa jani ndilo linalopoteza maji. Akiba ya chakula hubaki kwenye vitako na mizizi, na macho ya kuchipua hukaa chini kabisa, ambako ulimi wa ng'ombe haufiki kirahisi. (Kondoo hufika. Kondoo ni balaa.)

Nyasi humalizwa wiki za kwanza za mvua. Zikinyeshewa, hutumia akiba kutoa majani mapya, na majani hayo hayajaanza kurudisha kitu mizizini ndipo tunafungulia mifugo yenye njaa. Huumwa, zikachipua, zikaumwa tena. Mwaka 1955 Mmarekani Franklin Crider alichapisha majaribio yake: ukiondoa zaidi ya nusu ya majani, mizizi huanza kusimama kukua, ukiondoa asilimia 80 kwa mkupuo mmoja, husimama kama siku 12. Nyasi yenye mizizi mifupi ikikutwa na kiangazi haiamki tena, nasi tunalaumu jua.

Kwangu mvua ikianza, mifugo yote hubaki kwenye kipande kimoja nilichokubali kiumie, na naiongezea mabua ya mahindi. Kwingine hawaingii mpaka nyasi zipite goti, na nawatoa ikiwa imebaki shubiri moja. Msimu unaofuata naumiza kipande kingine. Haya yote yanataka ua wa miiba, au mapatano na majirani. Pasipo hayo, unawatunzia wenzako malisho. Na punguza mbuzi dume mapema wakiwa bado na nyama, maana mbavu zikishaonekana bei anapanga mnunuzi.

Palipo kipara kweli, udongo ukiwa umefanya gamba, hapo ndipo pa kupanda. Kwangua juu juu tu, tia mbegu za ile nyasi yenye suke kama mkia wa paka, Cenchrus ciliaris, na usizifukie sana. Mbegu zilizovunwa juzi huota vibaya, zinataka kukaa miezi kadhaa mahali pakavu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji zilivunwa lini, na akianza kuapa bila kutaja mwezi, nenda kwa mwingine.