Jibu: Kuigawa pachi ya mistari 1,800 kabla ya kuirudisha kwa watunzaji wa kerneli

Ndugu wa Jinja, umesema watunzaji wa kerneli (kiini cha Linux) wamekurudishia draiva yako ya sensa (programu inayoendesha kifaa cha kupima) kwa neno moja tu, "gawanya", na humo umepika chungu kimoja marekebisho ya hitilafu, usafi wa msimbo na sensa mpya. Usigawe kwa faili wala kwa idadi ya mistari. Pachi moja, yaani furushi moja la mabadiliko ya msimbo, ibebe badiliko moja. Ukijikuta unaandika "pia" kwenye maelezo yake, huenda hapo kuna pachi mbili.

Na kila pachi, juu ya zilizoitangulia, iache kerneli inajengeka na inawaka. Ni kwa ajili ya git bisect, amri inayosaka hitilafu kwa kuigawa historia nusu kwa nusu: anayesaka hitilafu katika komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye git) 1,000 huifikia kwa majaribio kama 10, lakini akitua kwenye komiti yako iliyovunjika, msako unakwama.

Kwanza `git branch akiba`, kisha `git reset main` (main iwe pale pale ulipoanzia). Msimbo wote unabaki, komiti zinaondoka. Sasa chagua vipande kwa `git add -p`: herufi s hukata kipande, e hukuruhusu kukihariri mstari kwa mstari. Faili mpya hazionekani hapo mpaka uzitaje kwa `git add -N`, wengi huzisahau. Ukimaliza, `git diff akiba HEAD` isitoe kitu. Ikitoa, kuna mstari umedondoka njiani.

Mpangilio: hitilafu ya zamani itangulie, ikiwa na mstari wa Fixes: wenye herufi 12 za mwanzo za kitambulisho cha komiti iliyoileta, ili iweze kuchukuliwa peke yake kwenda matoleo ya zamani. Kuhamisha msimbo kuwe pachi yake, bila kugusa hata jina la kigezo. Mkaguzi atatumia `--color-moved`, inayopaka rangi mistari iliyohamishwa, na kupita haraka. Kisha maelezo ya devicetree (yanayoieleza kerneli vifaa vilivyomo), ndipo msimbo wa sensa unaoyatumia. Mtego uko hapa: ukileta fanksheni ya static (inayoitwa ndani ya faili yake tu) katika pachi ya 4 na anayeiita yuko pachi ya 5, kompaila italalamika kwamba haitumiki. Zilete pamoja.

Usijipime kwa kujenga tu folda uliyonayo, maana ina kila kitu, hata ambacho hujakikomiti. Endesha `git rebase -i --exec 'make -j4 drivers/iio/' main`, inayojenga folda ya draiva baada ya kila pachi. Itasimama kwenye pachi mbovu; rekebisha, `git commit -a --amend`, `git rebase --continue`. Kujenga folda moja kunafaa kompyuta ndogo, ila ukigusa hedira (faili ya .h) inayotumiwa kwingine, jenga kerneli nzima, hata kama ni ya kuachia usiku.

Kama ulivuta kerneli kwa `--depth 1`, yaani bila historia, kuokoa bando (na nani hafanyi hivyo?), git blame, inayoonyesha komiti iliyoleta kila mstari, haitakupa komiti ya kuweka kwenye Fixes:. Ongeza historia kiasi kwa `git fetch --shallow-since`.

Zikizidi 15 hivi, tuma fungu la kwanza usubiri. Pitisha checkpatch.pl (skripti ya kerneli ya kukagua mtindo) kwa kila moja, kisha `git format-patch -v2 --cover-letter main`, na kwenye barua ya utangulizi orodhesha kilichobadilika tangu v1. Signed-off-by, mstari wa sahihi yako, iwe kwenye kila pachi; kwenye barua pekee haitoshi.