Thamani kamili: pima umbali, usikimbilie kufuta alama

Vijana wengi ninaowafundisha tuisheni hapa Lamu huja na kanuni moja ya thamani kamili: ukiona namba kati ya mistari miwili ya wima, futa alama ya kutoa. Kwa |−7| wanaandika 7, basi. Ukiwaandikia |x| wanakwama. "Maalim, x haina alama, nifute nini?" Wana haki ya kuuliza. Kanuni yenyewe ndiyo mbovu.

Mistari hiyo, aliyoianzisha Mjerumani Karl Weierstrass mwaka 1841, inauliza swali moja tu: namba hii iko mbali kiasi gani na sufuri?

Mimi hutumia ramani ya simu. Ukitafuta Lamu, latitudo yake ni karibu −2.3, Malindi ni −3.2. Alama ya kutoa inakuambia tuko kusini mwa ikweta. Ukitaka umbali, upande hauna kazi: |−2.3| ni 2.3, na kwa kuwa digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, tuko kilomita 250 na kitu kutoka ikweta. Mogadishu nayo iko karibu 2.0, upande wa kaskazini. Kwa hiyo |x| = 2 ina majibu mawili, 2 na −2, maana hukuambiwa uelekee wapi.

Kutoka Lamu hadi Malindi? |−3.2 − (−2.3)| = 0.9, kama kilomita 100 kwenda kusini (barabara inazunguka, lakini hayo waulize wenye mabasi). Anzia Malindi, jibu ni lile lile. Basi |x − 3| = 5 isome hivi: namba gani ziko hatua 5 kutoka 3? Ni 8 na −2. Na |x| < 5 ni zote zilizo kati ya −5 na 5.

Panapowatatiza zaidi ni vitabu vinaposema |x| = −x iwapo x ni ndogo kuliko sufuri. "Si umesema haiwi hasi?" Haiwi. Hapo −x ni kinyume cha x: x ikiwa −7, −x ni 7. Usipite hapa mpaka ujaribu mwenyewe kwa namba tatu nne, kwa kalamu, si kwa macho.

Tena, kagua majibu. Chukua |2x − 1| = x − 5. Ukitatua kwa njia zote mbili, yaani 2x − 1 = x − 5 na 2x − 1 = −(x − 5), utapata −4 na 2, na wengi huyapigia mstari wakafunga daftari. Yarudishe kwenye mlinganyo: upande wa kulia unatoa −9 na −3. Umbali wa hasi haupo, kwa hiyo yote mawili yanaanguka. Andika kwamba mlinganyo hauna jibu, uendelee na swali linalofuata.