Kulwa, kuhusu ule moto wa mwaloni

Kulwa mwanangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima. Doto kaenda sokoni Kirumba na magunia sita ya dagaa.

Umeniuliza kama nakubaliana na huyo Durkheim wako, Mfaransa aliyeandika mwaka 1895 kwamba uhalifu ni jambo la kawaida katika kila jamii, na kwamba hata watakatifu watupu wakikaa pamoja watapata la kushutumiana. Hilo halinisumbui. Mwenye kulea watoto analijua. Kilichoninyima usingizi ni lile jingine katika notisi zako, la 1893: kwamba adhabu haimlengi sana mkosaji, inawalenga wasiokosa, iwashikamanishe. Mwanangu, mimi nilikuwa miongoni mwa hao walioshikamanishwa.

Lile kokoro la mjomba wako, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku. Ulikuwa darasa la tatu, na siku ile nilikupeleka kwa bibi usione. Walilitandaza mchangani hapa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, wakalimwagia petroli, likawaka. Mwalo mzima ulishangilia. Na mimi nikapiga vigelegele. Wavu wa ndugu yangu wa tumbo moja unateketea, nami napiga vigelegele kwa sababu wenzangu wanapiga, na kwa sababu, sikufichi, nilifurahi kweli. Jioni ile mwalo ulikuwa mtamu! Wale mama wawili walionuniana tangu wagombanie kichanja cha kuanikia, waliazimana turubai. Wenye mitumbwi waliapa mbele ya wazee kwamba hawatashika tena wavu wa sangara ulio chini ya inchi 6. Kwa hiyo Durkheim kasema kweli. Niliiona kwa macho yangu.

Lakini hakuna mkosaji asiye na kwao. Usiku mjomba wako alikuja, akakaa kizingitini, akaomba maji. Alipomaliza kunywa akanirudishia kikombe, akasema, "Dada, vigelegele vyako navijua hata gizani." Akaondoka.

Yule Merton wa Marekani, wa 1938, angemwita mbunifu: anataka kile tunachofundishwa wote kukitaka, njia halali hana, anatafuta yake. Ni kweli, mashine ya mtumbwi hakuwa nayo na ada za watoto wanne zilimkaba. Ila jirani zake nao hawakuwa na kitu, na kokoro hawakuvuta. Tena kokoro linasomba hadi sangara wachanga wasiozidi kiganja, kesho ya ziwa yote inaishia mchangani. Nilimwonya mara tatu. Basi wavu ulistahili kuchomwa? Ndiyo. Au hata wavu haukustahili... Mbona aliyemkopesha fedha za kuununua alikuwa pale pale, anashangilia nasi, na hakuna aliyemgusa?

Ulimi unaniwasha nikuambie huyo Durkheim kakosea wapi, ila mtihani ni wako, nauzuia mkono. Ukiandika kwamba adhabu iliunganisha jamii, andika na idadi ya waliobaki ndani ya hiyo jamii asubuhi yake. Sisi tulipungua mmoja. Hakuna mkosaji asiye na kwao, nakuambia tena.

Likizo ukija, panda meli uende Nansio, kule Ukerewe, ukamwone mjomba wako. Nitakufungia dagaa niliowaanika mwenyewe. Mwambie wametoka kwangu, kisha mwache aseme yeye.

Mama yako