Zambarau hukimbia mwanzo

Juzi napita Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, baada ya laasiri, namkuta binti kaanika michoro yake barazani kama anaanika dagaa. Jua la kaskazi, lile la kuchoma utosi, na yeye katandaza kasa, chaza na majani ya mti wa mkungu, rangi zinawaka mpaka nikasimama. Nikainama, nikanusa. Maka peni. Nilitaka kumpigia kelele, nikakumbuka kwamba mie mwenyewe nikipigiwa kelele huziba masikio na kukimbia. Basi nikaondoka kimya. Ndiyo maana naandika.

Wengi mnanijua: yule anayechora majani, asiyejibu salamu vizuri. Skuli ya uchoraji sijaiona. Neno usonji (autism) nimelijua ukubwani, baada ya utoto mzima wa kuitwa mkaidi. Haya, nyinyi mnaochora na kuuza, tuanze.

1. Karatasi. Kazi ya kuuza haichorwi kwenye manila. Masika yakiingia inajikunja kama chapati na kuota ukungu. Tafuteni nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba.

2. Mwendeeni mnyama mwenyewe, msichore kutoka kwenye simu. Kila wiki naletewa mchoro wa kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, mwenye gumba. Jamani, kima punju hana gumba! Pana kinundu tu, na jamaa zake wa bara ni hivyo hivyo. Nilikwenda msitu wa Jozani asubuhi tatu kwa ajili ya vidole peke yake, mtembeza wageni akadhani nimepotea. Siku ya tatu, kwenye shamba la nje ya hifadhi, nikamwona mmoja anakula mkaa. Mkaa wa kupikia, wallahi. Majani ya mkungu na mwembe yana vitu vinavyomsumbua tumbo, mkaa unavifyonza. Sasa uso wa kima ni mweusi, mkaa mweusi, mkono mweusi. Wiki mbili nilihangaika na weusi watatu. Dawa ilikuwa buluu ya kiza usoni na kahawia mkononi, mkaa peke yake ndio nikauacha mweusi hasa. Tumefikia rangi, na sikutaka kufika huku mapema.

3. Rangi. Nilikuwa na maka peni 48 kwenye kopo la maziwa, kila moja na mahali pake. Mtu akiichomoa ya kijani akairudisha upande wa pili, siku yangu imekwisha. Nilianza nazo nikiwa mdogo, mama alinunua boksi la kwanza Darajani ili nitulie, na nilitulia kweli. Kwa hiyo mzee mmoja mchoraji wa Tingatinga, ule mtindo ulioanzishwa na Edward Tingatinga, aliyekuwa akiuza picha karibu na Forodhani, aliponiambia, "Mwanangu, hizo zitakuaibisha, Tingatinga mwenyewe alipoanza mwaka 1968 alipaka rangi ya baiskeli na picha zake zipo mpaka leo," nilimsikia. Neno kwa neno nilimsikia. Nikarudi nyumbani nikapanga kopo langu upya.

Mwaka uliofuata nikapata kazi ya nyumba moja ya wageni pwani ya mashariki, michoro tisa. Miezi minne sikulala vizuri. Jani moja la mkungu, lile linalogeuka jekundu kabla ya kudondoka, nililijaza nukta kuanzia asubuhi, nikaja kushtuka uji aliouweka mama umeganda na taa imewashwa. Kivuli cha kila jani nilikitia zambarau, rangi niliyoipenda kuliko zote. Nikalipwa, nikanunua mabati ya jiko la mama.

Miezi minane baadaye mwenye nyumba akapiga simu, nije. Nikavaa shati jipya. Nilidhani anataka mingine.

Ukumbi ule unatazama bahari, jua linaingia tangu alfajiri. Zambarau haipo. Waridi haipo. Manjano imekuwa rangi ya maji ya mchele. Kimebaki kistari cheusi na buluu mbili tatu, na kima wangu kama katumbukizwa kwenye dawa ya kufulia. Mama mwenye nyumba hakusema kitu. Aliniwekea chai na mkate wa kumimina. Nami, kwa kuwa macho ya watu siyawezi, nikaukazia macho mkate nikasema, "Ni chumvi ya bahari, mama. Hewa ya huku inakula rangi."

Msichana wa usafi alikuwa anadeki. Akanyanyuka, bila ya ubaya wowote, akauliza: "Kaka, mbona ule wa nyuma ya mlango haukuliwa?"

Nyuma ya mlango, kivulini, ulining'inia wa tisa. Zambarau tele. Hewa ile ile, chumvi ile ile.

Nimeshasikia watu wakinitetea kwamba ndivyo nilivyo, kubadilisha mazoea kunanitesa. Kunanitesa, ni kweli, na ndiyo sababu sikumsikiliza mzee. Lakini ile chumvi niliizua mwenyewe, na akili yangu timamu. Ile minane iliyopauka niliirudia bila ya malipo kwa akriliki, rangi ya kwenye tyubu. Ilinichukua mwaka na miezi miwili, na miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nafungua tyubu, nanusa, nafunga.

Wino wa maka peni nyingi ni rangi iliyoyeyuka kama sukari kwenye chai. Mwanga ukiipiga inavunjika. Rangi nzuri ya akriliki ni punje zilizosagwa, ngumu, hazikimbii upesi. Kuijaribu ni rahisi: pakeni mistari kwenye karatasi, zibeni nusu, wekeni dirishani mwezi mzima, kisha zibueni mtazame.

4. Arbuni kwanza, nusu.

5. Selotepu marufuku, inageuka manjano na kula karatasi.

6. Papasi, yule dalali wa watalii mitaani, akiwaleteeni mgeni na kumnong'oneza, "Huyu ana matatizo, mnunulie," mfukuzeni papasi. Mgeni mwacheni, huenda kapenda jani. Mie niliwahi kuuza mchoro kwa huruma. Yule bwana alilipa bila ya kuutazama, akausahau kwenye meza ya mkahawa. Niliuchukua, ninao hadi leo, na siuuzi.

7. Kuleni. Wekeni saa ilie.

Na wewe binti wa Mkunazini, yale majani ya mkungu ni mazuri, ile mishipa umeiona kwa macho yako, si kwa simu, nimejua. Njoo Jumamosi na boksi lako tuliweke jaribio dirishani kwangu. Usije kabla ya laasiri, sifungui. Na ukiingia, kopo lililo kwenye rafu usiliguse.