DVR isiyo na Wi-Fi: si lazima utoboe ukuta

Ndugu yangu wa Mikindani, umeuliza DVR (kinasa picha cha kamera za ulinzi) yenye tundu la waya tu itapataje intaneti, na ruta iko sebuleni. Inawezekana kabisa. Tafuta ruta ndogo yenye modi ya Client. TP-Link TL-WR802N inayo. Inapokea Wi-Fi ya nyumbani kama simu inavyopokea, kisha unatoa waya mfupi kutoka kwake hadi kwenye DVR. Nywila unaiingiza mara moja tu kwa simu. DVR yenyewe haitambui kama kuna Wi-Fi njiani, kwake ni waya.

Kile kidude cha Wi-Fi cha USB cha kuchomeka kwenye kompyuta achana nacho. Kinahitaji draiva, yaani programu ya kukiendesha, na DVR nyingi hazina. Hela inapotea hivihivi.

Sasa kuta, maana hapo ndipo penye kazi. Nyumba za zamani za huko ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kweli, zinakula mawimbi. Tumia Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz, hiyo inapenya kuliko ya 5 GHz, na uweke karuta hako usawa wa mlango, si nyuma ya kabati. Kabla hujanunua, simama na simu pale DVR ilipo. Simu ikikosa mtandao hapo, sogeza kwanza ruta ya sebuleni.